Kipandauso, Vidonge Vitamu na Mdomo Wangu

Nianze kwa kukiri, mtu asije akasema nilificha: mke wangu aliulizwa swali, mimi nikamjibia. Swali lilikuwa fupi, na jibu langu lilikuwa neno moja tu. Nililitoa huku nimekunja nne, natabasamu, najiona mume wa mfano. Neno lenyewe ni "Hakuna". Yaliyotokana na neno hilo ndiyo nataka kuwasimulia, ndugu zangu. Nikichekesha kidogo njiani mnivumilie. Nimezoea, na mtu wa mizaha akiacha ghafla watu humuuliza kama anaumwa.

Mimi ni fundi miwani. Nina stashahada ya mambo ya macho, na nimeitundika ukutani ndani ya fremu nzuri kuliko zote nilizonazo. Mtaani wananiita Macho Manne, kwa sababu ya miwani yangu na kwa sababu hakuna kinachonipita. Mtu akiingia dukani najua kabla hajakaa kama haoni mbali au haoni karibu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijisifu.

Duka letu ni chumba kimoja kirefu. Mbele kuna kaunta ya kioo yenye fremu, katikati kuna kiti cha kupimia na chati ya herufi, na nyuma ya pazia kuna benchi na mashine ya kusagia lenzi, inayopiga kelele na kurusha maji meupe kama uji. Mbele alikuwa anakaa mke wangu. Ndiye aliyepokea wateja, akawapima umbali kutoka mboni hadi mboni kwa rula ndogo, akakaza skrubu ambazo mimi, pamoja na stashahada yangu, nilikuwa nazipapasa tu. Asubuhi tulifungua pamoja. Yeye alipangusa vioo, mimi niliwasha taa zote kumi na mbili, maana niliamini duka la macho lisipong'aa limejitukana lenyewe. Kisha tulikunywa chai tumesimama, tunataniana, kabla mteja wa kwanza hajasukuma mlango. Ile ndiyo ilikuwa saa yangu niliyoipenda kuliko zote.

Asubuhi moja, katikati ya utani, akaweka kikombe chini na kushika ukingo wa kaunta. Akasema anaona mstari wa mwanga, una meno kama msumeno, unatembea polepole pembeni, na unapopita unafuta vitu. Nusu ya uso wangu imefutika.

"Nusu ipi?" nikamuuliza.

"Ya chini. Yenye mdomo. Nimepumzika kidogo."

Tulicheka wote wawili. Baada ya nusu saa hakuna aliyekuwa anacheka. Kichwa kilianza kumgonga upande mmoja, nyuma ya jicho, kwa kufuata mapigo ya moyo. Akatapika kwenye ndoo ya mashine. Taa zikawa zinamchoma, sauti ya mlango ikawa inamchoma, hata harufu ya kitambaa cha kufutia lenzi hakuitaka. Akajifunika koti langu kichwani, akalala sakafuni nyuma ya kaunta, na hakunyanyuka mpaka jioni.

Sasa oneni akili ya fundi miwani. Kesho yake nikamkalisha kwenye kiti cha kupimia. Akasoma chati mpaka mstari wa mwisho, akasoma mpaka jina la kiwanda kilichochapa chati. Macho yake yalikuwa mazima kabisa. Nikajiambia kwamba kama macho ni mazima na mwenyewe anasema anaona misumeno, basi anadeka. Hata hivyo nilimtengenezea miwani, jozi tatu ndani ya mwaka mmoja, ya mwisho ina lenzi za kijani. Hazikumfaa kitu, kwa sababu nilikuwa natafuta kwenye jicho ugonjwa usiokaa kwenye jicho.

Ule ni kipandauso, ndugu msomaji, na wewe unayesoma haya, kama unao, umeshautambua. Unaanzia kwenye ubongo. Kuna watu wanaoona mianga kwanza, au vidole vinawachonyota, na wengine hawaoni kitu, maumivu tu yanakuja. Huletwa na kulala vibaya, na kuchelewa kula, na mwanga mkali, na kwa akina mama mara nyingi na siku zao za mwezi. Hauonekani kwa nje. Ndiyo maana mwenye nao anaumwa mara mbili, mara moja kichwani na mara nyingine anapoona hamumwamini.

Mimi sikumwamini. Mteja akiuliza mama yuko wapi, nilikuwa nasema yuko kwenye kikao na sakafu. Watu walivunjika mbavu. Yeye alikuwa hatua mbili tu kutoka hapo, chini ya koti, sauti inamwingia kama msumari, na sauti iliyokuwa kubwa kuliko zote ilikuwa yangu.

Baada ya miezi kadhaa alikwenda kliniki peke yake, hakuniaga. Akarudi na kadi yenye tarehe ya kuonana na daktari wa mishipa ya fahamu, wiki saba mbele. Aliiweka kwenye droo ya kaunta, juu ya skrubu, ili niione. Niliiona.

Kabla ya tarehe hiyo akaja dukani mzee mmoja mtaratibu, amevaa koti la kijivu, miwani yake imelegea mguu. Tulikuja kumwita Mzee Punje, kwa ajili ya dawa zake. Alimkuta mke wangu amefumba macho, kiganja kwenye paji la uso, na hakuuliza bei ya kukaza mguu wa miwani; aliuliza kichwa kimeanza saa ngapi. Akatueleza kwamba anatibu kwa homeopathia. Anachukua mmea au madini, anaweka kwenye maji, anatikisa sana, anachota tone moja tu, analiweka kwenye maji mengine, anatikisa tena, anarudia hivyo mara nyingi. Mwisho anadondoshea kwenye vipunje vya sukari. Nikamuuliza, kwa hiyo mwishoni kinabaki nini? Akasema kinabaki kumbukumbu ya kitu. Niliwahi kufaulu kemia, na kemia iliniambia hakibaki kitu. Lakini mke wangu alikuwa amefungua macho kumtazama yule mzee, na mimi nilikuwa nimechoka kuona koti langu sakafuni. Tukaenda.

Sitaki kumsingizia. Mzee Punje hakuwa tapeli. Alitukalisha kwenye chumba chenye pazia zito, akazima taa ya juu bila kuombwa, na kwa saa moja na nusu aliuliza mambo ambayo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza mke wangu. Maumivu yanaanzia wapi. Yanapenda saa gani. Anataka baridi au joto. Analia mbele ya watu au anajificha. Aliuliza, akaweka kalamu chini, akasubiri.

Angesubiri akapata majibu, kama mimi nisingekuwepo.

"Upande wa kushoto," nikasema. Mke wangu alikuwa ameshainua mkono, kaugusa upande wa kulia. Aliushusha taratibu. Nikaendelea kujibu, hili na lile, nikitia chumvi na vichekesho, mzee anaandika. Kisha akauliza, "Na dawa nyingine unazotumia, mama? Hata kama ni kidonge kimoja kwa siku."

"Hakuna," nikasema.

Mke wangu akatazama zulia. Alikuwa na miaka minane anameza kidonge cha uzazi wa mpango, kila jioni baada ya kupiga mswaki, na mara nyingine maji ya kumezea nilimpa mimi. Kwa nini nilisema hakuna? Niliona haya kuyaweka mambo ya chumbani kwetu mbele ya mwanamume mwenye koti la kijivu. Pia nilikuwa naamini kile kidonge si dawa, kwa kuwa yeye haumwi. Mzee akaandika "Hakuna" kwenye daftari lake, kwa mwandiko mzuri.

Akampa kichupa. Akamwambia aandike kila siku kichwa kilivyokuwa, ale kwa saa, alale kwa saa, anywe maji, na tupunguze taa dukani. Halafu, tukiwa tumesimama kuaga, akasema jambo ambalo leo nalikumbuka neno kwa neno: hizi punje ni za maumivu yale anayoyajua. Kikija kitu kigeni, mkono ukalegea, mdomo ukaenda upande, maneno yakakataa kutoka, msinitafute mimi, kimbieni hospitali. Mimi wakati huo nilikuwa natikisa kichupa, natunga mzaha kuhusu shanga.

Akapata nafuu. Kutoka vichwa sita kwa mwezi vikabaki viwili, kwa hesabu yangu mimi. Nilikuwa nimezima taa nane, alikuwa anakula saa nne bila kungoja wateja waishe, alikuwa analala mapema, na kuna mtu mmoja duniani aliyemuuliza anaumwaje. Hayo yote sikuyahesabu. Sifa zote nikazipa punje. Nikapiga simu kliniki, nikawaambia mgonjwa amepona, ile tarehe wampe mwenzake. Mke wangu alikuwa amesimama karibu yangu, ameshika kitambaa cha kufutia. Akaendelea kufuta kioo kilichokuwa kimeshang'aa. Nilidhani amekubali.

Jamani, baada ya hapo sikushikika. Mtu akija kununua kikasha cha miwani anatoka na hotuba ya homeopathia. Nilimsimamisha mke wangu kama bango. "Haya, mwambie mwenyewe," nilikuwa namwambia, na kabla hajafungua mdomo nilishasema, "Amepona kabisa." Yeye aliongeza, "Naendelea vizuri," kwa adabu, akarudi kwenye skrubu zake. Kwa Mzee Punje niliacha hata kwenda naye. Nilikwenda peke yangu, nikatoa ripoti, nikachukua kichupa kingine.

Daftari la mke wangu, lile la kuandikia kichwa kilivyokuwa, nilikuja kulisoma baadaye, binti yetu aliponiletea. Mwandiko mdogo, penseli. "Kimekuja saa tano. Sikusema, baba ana wateja." "Kimekuja. Amewaambia nimepona, nikaona niache." Mwezi ule niliokuwa naujaza mtaa mzima sifa, aliandika mara tano.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida tu. Saa nne asubuhi alikuwa anampima mteja, mwalimu mmoja mpole, amemwekea rula juu ya pua. Rula ikaanguka. Akainama kuiokota kwa mkono wa kulia, na mkono ukapita pembeni ya rula kama si wake. Akajaribu kuomba radhi, maneno yakatoka yamepondeka. Nikamtazama. Na hapa sitajitetea, kwa kuwa kazi yangu ni kutazama nyuso za watu: niliona upande mmoja wa mdomo wake umeshuka. Niliuona. Nikajiambia ni kipandauso kimekuja na mtindo mpya.

Mwalimu akasema tumpeleke hospitali. Nikamjibu mimi. Nikamwambia huyu namjua, ni dakika ishirini tu, tuna dawa yake. Mwalimu akaondoka amepimwa jicho moja.

Nikamlaza kwenye benchi nyuma ya pazia, nikazima taa, nikamwekea punje tatu chini ya ulimi. Baada ya robo saa tatu nyingine. Alinishika ukosi wa shati kwa mkono wa kushoto, kwa nguvu, akawa anatoa sauti ya neno linaloanza na halimaliziki. Nikamwambia asijichoshe, najua anachotaka kusema. Sikujua. Mpaka leo sijui. Alipolala nilifurahi. Nikaendelea kusaga lenzi za watu, mashine inapiga kelele hatua tatu kutoka kichwani pake, na mimi nashukuru kwamba leo haimsumbui.

Saa nane na nusu akaja dada wa mikate, anayetupitishia mkate kila alasiri. Ni mwanamke asiyependa porojo, na mizaha yangu huwa anaipita kama dimbwi. Akauliza mama yuko wapi. Nikasema yuko kwenye kikao. Akafunua pazia.

"Macho Manne, huyu umemtazama?"

"Amelala, dada. Kichwa kile kile."

"Sijakuuliza kama amelala. Nimekuuliza umemtazama?"

Akapiga magoti kando ya benchi, akamshika mke wangu shavu. "Mama mwenzangu, hebu nichekee kidogo." Mke wangu akafungua macho, akajaribu. Nusu ya uso ikacheka, nusu ikabaki kama ilivyo.

Dada wa mikate hakunigombeza, angalau si wakati huo. Alisema tu, "Shika miguu." Tulimpakia kwenye kigari chake cha mikate, kati ya trei, kichwa chake mapajani kwangu, na njia nzima nilikuwa namwambia mke wangu kwamba ni kitu kidogo. Mtu angenisikia angedhani mgonjwa ni mimi nabembelezwa.

Daktari alikuwa binti mdogo, mwenye miwani iliyomkaa vibaya. Hata pale jicho langu halikukosa kuliona hilo. Akauliza imeanza saa ngapi. Nikasema saa nne. Akatazama saa ya ukutani, ilikuwa saa tisa na robo. Kisha akanieleza, bila kuninyanyasa, kwamba ni kiharusi, damu imeganda na kuziba mshipa wa ubongo. Ipo dawa ya kuyeyusha damu ya namna ile, lakini hutolewa ndani ya saa chache za mwanzo, na saa hizo kwa mgonjwa huyu zimeshapita. Watafanya mengine yanayowezekana.

"Anatumia dawa gani, baba?"

Nikaweka kichupa mezani. Akakigeuza, akakisoma. "Hizi ni sukari. Hazikumfanya kitu, kibaya wala kizuri. Nyingine?"

Na hapo, kwa mara ya kwanza, nikajibu sawasawa. Nikataja kile kidonge cha jioni, na ile misumeno ya mwanga. Daktari akavua miwani. Akasema mwanamke mwenye kipandauso cha kuona mianga hashauriwi kidonge cha aina ile, kwa sababu kinaongeza hatari ya damu kuganda. Zipo njia nyingine za uzazi wa mpango, angebadilishiwa. Kliniki hilo ndilo swali wanaloliuliza mwanzo.

"Hamkupewa tarehe ya kliniki?"

"Tulipewa."

"Mkaenda?"

Kati ya maswali yote yaliyowahi kuulizwa kuhusu mke wangu, hilo peke yake lilinishinda kujibu.

Mzee Punje alikuja wodini siku ya tatu, na daftari lake kwapani. Akalifungua kwenye ukurasa wetu, akaniwekea kidole kwenye lile neno. "Niliandika ulichoniambia," akasema. Nilitamani anipige. Badala yake akakaa kwenye kiti cha plastiki, akafunga daftari. "Lakini niliyekuwa namtibu ni yeye. Ningekutoa nje nikamuuliza yeye." Tukakaa pale, wanaume wawili wenye elimu zetu, tumeinamisha vichwa, muuguzi anatukwepa akipita.

FUNZO

Ndugu zangu, mke wangu yu hai. Mkono wa kulia una nguvu ya kushika kijiko, skrubu bado. Nimeisimulia aibu yangu kwa sababu najua humu mtaani kuna koti limemfunika mtu kichwani, na mbele ya kaunta kuna mwingine anachekesha.

Kipandauso ni ugonjwa. Si kudeka, si uvivu, si macho, wala si hila ya kukwepa kazi. Mpelekeni mgonjwa kliniki, zipo dawa za kweli za kutuliza na za kuzuia, na tarehe mkipewa msiigawe kama nilivyoigawa mimi. Mtu akikuambia homeopathia imemsaidia, usimcheke, huenda alisikilizwa na akalala vizuri, na hayo nayo yana nafuu yake. Lakini punje ya sukari haiyeyushi damu iliyoganda, na haipaswi kusimama mlangoni ikamzuia mgonjwa kwenda kwa daktari. Uso ukishuka upande, mkono ukilegea, maneno yakipotea, msingoje dakika ishirini. Msingoje hata tano.

La mwisho ndilo zito kwangu. Mgonjwa akiulizwa, mwacheni ajibu. Kama kuna mambo ya kuonea haya, toka nje, ukanunue maji, ukahesabu magari, lakini usikae pale ukamjibia. Mpende utakavyo, kichwa chake hukijui.

Yupo mtaalamu anayemfundisha kuongea tena. Anasema maneno yanarudi. Binti yetu amesikia mengi, dada wa mikate ameshasikia sentensi nzima, na inasemekana haikuwa na sifa zangu. Mimi bado. Sijui kama akiwa na mimi maneno yanakataa, au anayo na ameamua kukaa nayo. Sina haki ya kuuliza ni lipi. Basi kila alasiri nafunga duka mapema, naketi mbele yake, najiuma ulimi mpaka nina hakika umetulia, ndipo namwomba:

"Mama, leo kichwa kikoje? Niambie wewe. Mimi nanyamaza."